Uji wa Happy

Bweni la Wasichana,
Biharamulo,
9 Machi 2025

Mjomba Ndizeye,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Nilipoondoka Januari ulikuwa unakohoa mpaka kuku wanashtuka, nami nimekuwa nikikuombea kila Jumatano, siku ambayo bweni letu lina zamu ya sala. Mimi sijambo. Maharage ya shule bado yana mchanga, lakini nimejifunza kutafuna polepole huku nikisoma, hivyo hakuna muda unaopotea. Nimekuwa wa tatu katika jaribio la Biolojia na wa thelathini na mmoja katika mbio za mita mia. Tulikuwa thelathini na mmoja.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu haturuhusiwi, na ya matroni ni ya misiba tu. Niliona aibu kumuuliza kwa mdomo, nikampa kikaratasi cha kuuliza kama nguruwe pori wanahesabika kuwa msiba. Alikirudisha kikiwa na neno moja: "Hapana." Kwa hiyo barua hii nimempa kondakta aiache Nyakanazi kwa Asmaa, dada yake Mzee Salum, yule mwenye meza ya chapati pale stendi. Yeye ataipakia kwenye basi la Ngara.

Mjomba, Mama Mkubwa Suzan alipita hapa akitoka Kahama kununua vitenge. Alisema nguruwe wameingia kwenye mihogo ya Bibi na wamekula mstari mzima. Alisema pia Bibi ameapa kwamba wakirudi tena msimu huu, atafunga nyumba na kuhamia Kabanga kwa huyo Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alisema hivyo kwa furaha. Mimi nilitabasamu kwa heshima, kisha nikaenda maktaba nikakaa nyuma ya rafu ya Jiografia.

Wewe unajua vile vyumba viwili vya Kabanga, pale mpakani, nyuma ya wabadilisha fedha, na malori yanayounguruma mpaka asubuhi. Mimi nimelelewa na Bibi hapo Mbuba tangu darasa la kwanza. Sisemi kitu. Nauliza tu: kigoda changu bado kipo jikoni?

Alisema pia kwamba umeunda kikundi cha kuwasaka hao nguruwe, na kwamba mara ya kwanza mlirudi siku ileile kwa njaa, kwa sababu kila mmoja wenu alibeba chumvi ya kuwekea nyama na hakuna aliyebeba chakula. Sikuamini. Lakini kama ni kweli, ninaweza kuwapangia chakula na gharama. Tunasoma mambo ya lishe, na nina rula.

Wako mtiifu,
Irambona


Mbuba,
23 Machi 2025

Mpwa wangu Irambona,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na unga. Kifua kimepona, kuku wamelala. Hapa mvua ni nzuri, maharage yamechanua, na mbuzi wa Bukuru amezaa mapacha, kila mtu anaambiwa akawaone kama vile ni watoto wa mfalme.

Kuhusu chumvi, usisikilize maneno ya watu wa Kabanga. Tulirudi mapema kwa sababu za kiufundi. Chumvi tulikuwa nayo ya kutosha, hilo sikatai.

Safari hii tumejipanga. Mimi ndiye mwenyekiti. Tumeomba kibali kwa afisa wanyamapori, kwa hiyo tutakuwa kwenye pori la kijiji kihalali, pale pembeni ya shamba la Bibi, na askari mwenye bunduki atakuwa nasi. Kazi yetu ni kuwatoa nguruwe kichakani, yake ni kupiga. Askari usimhesabu kwenye chakula, amesema anakuja na vyake. Siku ni tatu. Sisi tuko saba. Tupangie, maana tukipanga sisi wenyewe kikao kinaisha kwa kugombania nani atapata paja la nguruwe ambaye bado yuko hai.

Salum ametoa gari lake. Yeye, kama unavyojua, nguruwe hali hata harufu yake, lakini wamemfukulia karanga heka nzima, kwa hiyo anakwenda kwa hasira tu.

Bibi yako anakusalimu. Nimemuuliza habari za Kabanga akasema "Ego," ile "ndiyo" yake ndefu, ambayo hujui kama amekubali au amekufukuza. Wakati naandika anakunja mikeka. Sijui ya nini.

Mjomba wako,
Ndizeye, Mwenyekiti


Biharamulo,
30 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na pongezi kwa uenyekiti. Wasalimie mapacha wa Bukuru. Huku tumepata mwalimu mpya wa Kilimo, mkali lakini anasoma, nimemwona.

Nimeanza kazi. Ila siwezi kupanga chakula cha "watu saba" kwa jumla, kwa sababu kitabu kinasema mahitaji ya mlaji hutegemea umri, jinsia na kazi anayofanya. Tafadhali niandikie majina ya wote saba na tabia zao katika kula. Kwa Mzee Salum nimekwishaweka sufuria yake peke yake, isiyoguswa na mwingine, na mwiko wake. Mtu mmoja, sufuria ndogo.

Hukunijibu kuhusu kigoda. Na mikeka, ilikuwa inakunjwa kwa kuhifadhiwa au kwa kusafirishwa? Kuna tofauti katika namna ya kukunja.

Irambona


Mbuba,
12 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya palizi, na kwa sababu kalamu ilikuwa kwa Telesfori. Tuko salama. Mapacha wa Bukuru wamepewa majina, mimi nimekataa kuyaandika hapa.

Habari kubwa: kibali kimetoka. Tarehe kumi na tano Mei hadi kumi na saba, baada ya hapo hakuna tena mpaka mwakani. Nguruwe nao ni kama wamesikia, maana juzi wameingia tena kwa Bibi. Mstari wa pili umekwenda. Bibi alikwenda kutazama. Alisimama tu pale shambani na jembe, akarudi ndani, akaanza kuhesabu vyombo.

Majina ni haya. Mimi, ninakula kila kitu. Telesfori, mtunza mikuki, ni mtu wa kubana sana. Alichokilipia lazima kiliwe hata kama kimeoza. Bukuru anajua kufuata nyayo, ila akishiba haoni kitu. Salum unamjua. Halafu wako Happy, Wiston na Kagoma, hawa watatu wote wanatoka kwa Telesfori. Happy ndiye tegemeo letu: ana mbio, ana pua kali, na hana maneno mengi. Wiston ni mvivu lakini ana sauti. Kagoma bado mdogo, anajifunza kwa Happy.

Kigoda sijui. Wanaume hatukai jikoni kuhesabu vigoda.

Ndizeye, Mwenyekiti


Biharamulo,
20 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya Pasaka. Tulipewa wali, na mchanga haukuwemo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale kwa Happy. Sikujua kwamba Mzee Telesfori ana binti wa jina hilo. Nilidhani mawindo ni ya wanaume tu, ndiyo maana sikuthubutu kuuliza. Sasa nauliza. Kama Happy anaruhusiwa, nami naweza kuja? Ukiniandikia barua ya ruhusa ya siku tatu, mwalimu mkuu atasaini. Mbio sina, hilo umelisoma, na pua yangu ni ya kawaida, lakini maneno mengi sina. Mwalimu wa Kiswahili ameandika hivyo kwenye ripoti yangu miaka mitatu mfululizo. Nitakaa na sufuria. Ningependa kuwa pale siku ambayo mihogo ya Bibi itapona.

Nahitaji pia kujua: Happy ana umri gani, na kama ana tatizo lolote la kiafya? Na Kagoma, ikiwa bado mdogo, kwa nini anapelekwa porini siku tatu? Mama yake amekubali?

Irambona


Mbuba,
27 Aprili 2025

Mpwa wangu wewe,

Nimecheka mpaka kifua kimerudi. Nimemsomea Bukuru, naye amecheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Mtoto, Happy ni mbwa. Wiston ni mbwa. Kagoma ni mbwa, ana miezi tisa, na mama yake ndiye huyo Happy, kwa hiyo amekubali. Sisi wawindaji tunamhesabu mbwa pamoja na watu kwa sababu nyama ikigawiwa naye ana fungu lake. Hiyo ndiyo desturi tangu kwa baba zetu. Lakini fungu lake ni baada ya mnyama kuanguka, si kabla. Mbwa wa mawindo halishwi jioni ya kuamkia kazi. Anavishwa kengele yake shingoni, anaachwa na njaa yake, ndiyo inayomkimbiza. Ukimshibisha umepata mgeni, hujapata mbwa. Kwa hiyo panga chakula cha watu wanne tu.

Hapa tuko salama. Bibi amenunua kamba ya katani, ndefu, ya kufungia godoro. Nimeiona.

Kuhusu ruhusa, tutaona.

Ndizeye


Biharamulo,
6 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya kunijibu haijafika mpaka leo na siku zimekwisha. Nadhani ruhusa nayo ndiyo hiyo haijafika. Si kitu. Bahati nzuri mwalimu wa Kilimo anakwenda kesho kwenye semina Ngara. Nilimwachia kikaratasi mezani kwake, amekubali kukuletea mpango huu mkononi.

Gharama yote ni shilingi elfu hamsini na sita, yaani kila mlaji achange elfu nane, bila kujali umri. Nimepata bei kwa kumwandikia mpishi wa shule. Unga wa muhogo na wa mahindi, maharage, dagaa, mafuta, na mchele kidogo wa sufuria ya Mzee Salum. Chumvi mfuko mmoja tu. Mmoja, Mjomba.

Jioni ya kwanza wote wale vizuri kabisa, kwa sababu kitabu kinasema nguvu ya kesho hujengwa leo. Wewe, Mzee Telesfori na Mzee Bukuru ugali, maharage na dagaa. Wiston, kwa kuwa ni mvivu, nadhani tatizo lake ni upungufu wa damu. Apewe dagaa mara mbili na mboga za majani. Kagoma yuko katika umri wa kukua: dagaa, yai moja la kuchemsha, na asilale kwenye umande. Happy ndiye mwanamke pekee katika kundi na ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote, nami najua jinsi ilivyo vigumu kuomba mbele za watu. Kwa hiyo asisubiri kuomba. Apewe uji wa ulezi wenye maziwa na sukari, kikombe kikubwa, jioni na asubuhi, na apewe wa kwanza.

Tafadhali usibadilishe hilo la Happy hata wengine wakinung'unika.

Nawatakia mafanikio. Mwambie Bibi asifunge godoro bado.

Irambona


Mbuba,
20 Mei 2025

Mpwa wangu Irambona,

Ni matumaini yangu unasoma kwa bidii. Sisi wazima wote, hakuna aliyeumia. Hali ya hewa ilikuwa ya wastani. Gari la Salum lilipata pancha moja wakati wa kwenda na hakuna wakati wa kurudi. Mandhari ya pori ni nzuri wakati huu wa mwaka, kuna maua ya njano.

Mpango wako ulifika na ulifuatwa.

Mambo mengine tutazungumza ukija likizo.

Ndizeye

N.B. Usimwandikie Bibi kwa sasa.


Biharamulo,
26 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Jana imenifikia barua yako ya tarehe ishirini na saba Aprili. Asmaa ameandika kwa nyuma kwamba anaomba radhi, alikuwa ameiweka chini ya sinia la chapati ili isipeperuke, akaisahau mwezi mzima. Imejaa mafuta kiasi kwamba ukiishika juu unaona upande wa pili. Lakini inasomeka.

Happy ni mbwa.

Nimekaa nyuma ya rafu ya Jiografia tangu jana baada ya ibada. Nimempangia mbwa uji wa maziwa. Nimemtibu mbwa upungufu wa damu. Nimetaka mbwa asilale kwenye umande. Na mwalimu wa Kilimo alibeba mpango huo kwa mkono wake, na pengine aliusoma, maana tangu arudi akiniona anauma midomo.

Mjomba, niambie tu kwamba hamkuufuata. Umeandika "ulifuatwa," nami nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu sana. Niambie pia mstari wa tatu wa mihogo uko wapi. Unaniandikia maua ya njano. Wewe hujawahi kuniandikia maua.

Bibi yuko wapi? Yuko Mbuba au Kabanga? Likizo inaanza Ijumaa, tarehe sita, na sijui nishuke wapi.

Irambona


Mbuba,
1 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Hii nampa dereva wa gari dogo anayefika Biharamulo moja kwa moja, haitapita kwenye chapati.

Nitasema yote. Bibi yako amekaa hapa mbele yangu na amesema nisipoandika ukweli ataniandikia yeye, na wewe unajua hajui kuandika, kwa hiyo ni vitisho vikubwa.

Mpango wako ulipofika niliruka salamu za juu nikaenda moja kwa moja kwenye hesabu, na nilijua nimekwisha kukueleza kwamba hao ni mbwa. Kwa hiyo nilijua na wewe unajua. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi shuleni wanafundisha hivi: mbwa apewe uji. Mimi ni nani nibishane? Karatasi imepigwa mistari kwa rula, imeletwa na mwalimu aliyevaa tai.

Bukuru alikataa. "Mwenyekiti, mbwa wa mawindo anakula jioni? Tangu lini?"

Nikamwambia, "Imeandikwa."

Lakini aliyemaliza ubishi ni Telesfori. Si ulisema kila mlaji achange elfu nane? Watatu ni wake, na yeye mwenyewe wa nne. Tulimtoza elfu thelathini na mbili, na alilipa huku jasho linamtoka. Akasimama pale kambini na kijiko, akasema, "Wiston nimemlipia dagaa mara mbili. Atakula mara mbili. Na mtu asimguse Kagoma yai lake, nimelihesabu."

Salum alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Mwenyekiti, na mimi mke wangu Semeni ameniwekea pilau, sasa niwaombe radhi mbwa?"

Hapo ndipo jambo la pili lilipoharibika. Sufuria ndogo ya Salum ilipofunuliwa, harufu ilitoka, na Bukuru akatangaza kwamba hata yeye tangu zamani nguruwe humsumbua tumbo. Telesfori naye akakumbuka. Mimi kama mwenyekiti sikutaka kujitenga na kundi. Tulihamia wote kwa Salum, na askari akiwa mbele. Alisema anakuja na vyake; alikuja na kijiko chake.

Happy uji wake aliutazama kwanza kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Akanusa. Akanitazama mimi. Kisha akanywa taratibu mpaka akalamba mkono wa kikombe, akaja akalala juu ya miguu yangu. Tangu nizaliwe sijalaliwa miguu na mbwa wa mawindo.

Asubuhi tulimpa kingine, kama ulivyoagiza. Telesfori akapiga mluzi. Wiston alifungua jicho moja. Telesfori akatikisa kengele yenyewe kwa mkono wake, akakimbia mbele kuwaonyesha mfano, na Kagoma akamsindikiza kidogo kisha akarudi kivulini. Askari akauliza, "Hawa ni mbwa au ni waheshimiwa?" Bukuru akasema atafuata nyayo mwenyewe, lakini alikuwa ameshiba. Alizunguka na nyayo kubwa kubwa karibu saa nzima, akainama, akanyamaza, akatuashiria tutulie, na zilimleta mpaka kwenye buti za askari.

Nguruwe tuliwaona. Sikufichi. Walipita mchana kweupe, sita, wakubwa, kwenye uwazi ule wa chini, wakati tunamalizia pilau la jana. Askari bunduki ilikuwa kwenye gari na kijiko kilikuwa mkononi. Yule wa mwisho alisimama, akatutazama, akaendelea na safari zake.

Chakula kiliisha mchana huohuo wa pili. Tukaona aibu kurudi mikono mitupu mara ya pili, na shamba la Bibi lilikuwa hapo hapo pembeni. Tukasema tuazime mhogo kidogo, tu, wa kuchoma. Kulikuwa na chumvi. Bukuru alikuwa amekuja na mfuko wake wa siri.

Asubuhi ya Jumamosi nikasikia kimya kimenisimamia. Kufungua macho, mama yangu mzazi, na jembe begani. Alitazama moto. Alitazama maganda. Akatembea mpaka shambani, akarudi.

"Nguruwe," akasema, "wamekula mistari miwili kwa msimu mzima. Ninyi mmekula mitatu kwa usiku mmoja. Sasa hicho kibali kilikuwa cha nani?"

Askari alivua kofia.

Basi tangu Jumatatu ile tunachimba mtaro kuzunguka shamba lake. Mimi, Bukuru, Telesfori, na Salum, ambaye anasema mhogo alikula mmoja tu lakini Bibi amemwambia achimbe wa mmoja. Askari huja Jumamosi. Maganda ya mihogo ile Bibi ameyahifadhi kwenye kikapu, na mtu akilalamika anaonyeshwa.

Huo ndio ukweli wangu. Sasa Bibi anasema nimpishe, aseme yake, na mimi niandike kama anavyosema bila kupunguza.

*Mwambie mjomba wake ni mjinga.* Nimeandika.

*Mwambie siku ileile niliwafukuza, na mbwa yule jike hakwenda na Telesfori. Alinifuata mimi mpaka mlangoni, akakaa, akatazama sufuria.* Hiyo ni kweli. Telesfori alikuja na kamba kumchukua mara tatu. Mara zote Happy alikwenda naye mpaka njia panda kwa heshima, akageuka. Telesfori anapita kijijini akisema elimu imemharibia mbwa. Anataka arudishiwe elfu nane.

*Mwambie nampa uji asubuhi na jioni. Maziwa napewa na huyo mwenye mbuzi wa mapacha, ni sehemu ya adhabu yake.*

*Mwambie nguruwe walikuja Jumanne alfajiri. Mtaro bado haujafika upande ule. Happy alitoka hapa na kengele yake na kelele, mimi nikadhani ni kanisa. Wakarudi mbio. Wamejaribu tena Ijumaa, wakarudi tena. Hajaua hata mmoja na wala sitaki aue, ana kazi hapa.*

Nikamuuliza, sasa Mama, na ile kamba ya godoro? Akasema niandike hivi:

*Mwambie Suzan alikuja jana na gari kunichukua. Nimempa ndizi, amerudi nazo. Siwezi kwenda Kabanga. Kule nani atampikia mbwa uji?*

Kwa hiyo, mpwa wangu, shuka Mbuba.

*Na mwambie kigoda chake kipo. Happy ndiye analala juu yake. Akija amwondoe mwenyewe, mimi siwezi kumfukuza mgeni wake.*

Mjomba wako,
Ndizeye

(Uenyekiti umekwenda kwa Bibi. Tulipiga kura, yeye hakuwa mwanachama.)


Biharamulo,
4 Juni 2025

Bibi, na Mjomba,

Shikamooni. Barua imefika kwa siku mbili, haina mafuta. Niliisoma nyuma ya rafu ya Jiografia, nikacheka kwa sauti, na mkutubi akanitoa nje. Ni mara yangu ya kwanza kutolewa nje mahali popote.

Nimewapangia chakula cha siku zilizobaki za mtaro. Wachimbaji: kila mmoja aje nacho kutoka kwake. Askari asihesabiwe. Chumvi hakuna.

Nakuja Ijumaa na kilo mbili za unga wa ulezi. Kwenye kigoda tutakaa kwa zamu, mimi na Happy, na nimempangia yeye zamu ya kwanza.

Irambona